Mteja wa Jammu Asiyepigiwa Simu

Weka mkono kifuani kwanza, uniapie kwamba nitakalokwambia halitavuka kizingiti chako. Hata dada yako usimwambie. Dada yako namjua, mdomo wake hauna komeo. Umeapa? Haya, sogea. Yule mteja wa Jammu anayenunua soksi za Fazi, mjane mfumaji, kila wiki, yule Bwana Raina asiyepigiwa simu kwa sababu eti koo linamsumbua, si wa Jammu wala si Raina. Ni Nabir Posta, mgane wa uchochoro wa pili, aliyetuletea barua miaka thelathini. Soksi zinasafiri mpaka Jammu kwa mpwa wake, zinapumzika, zinarudi Srinagar kwa gari la abiria, zinaingia kwake kwa mlango wa nyuma. Jozi kumi na tisa tangu miti ya michinari ipukutishe majani! Na mimi nilimwapia mpwa wake kwamba sitasema.

Sasa asubuhi moja, hapa hapa mtaani Rainawari, kwenye ubao ulio mbele ya tanuri la Mahada mwoka mikate, baridi ilikuwa imeota meno. Wazee watatu wamejikunyata kama kuku waliolowa, kila mmoja chungu chake cha makaa kiko tumboni chini ya joho la sufu, mkono mmoja humo ndani, mwingine umeshika chai ya chumvi. Yupo Ahad Kunguru, ambaye habari huililia kabla haijafika. Yupo Gula Mhandisi, ambaye maishani mwake alitengeneza redio moja, na mpaka leo haijasema. Na yupo Nabir Posta mwenyewe, kimya, simu mbili ndani ya joho: moja ya Nabir, na kitochi kimoja cha Raina.

Fazi akatokea, kakumbatia kitu kizito ndani ya shali.

— Mnaniona na mzigo, hata kunipisha hamnipishi? Leo nimeamua.

— Umeamua nini tena? akauliza Kunguru.

— Kutuma picha za soksi kwa simu basi. Nachukua duka langu la mtandaoni, lenye jina langu juu. La kukodi. Mwaka mzima unalipa mbele. Samawari hii ya mama naipeleka kuuza kwa mfua shaba sasa hivi.

Chai ikampalia Nabir. Gula akampiga mgongoni huku akishangilia.

— Sahihi kabisa, Fazi! Duka lako mwenyewe! Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima.

— Kwa hiyo asichague?

— Achague. Ila asilime.

— Upuuzi mtupu, akasema Kunguru. Aende kwenye lile soko kubwa la mtandaoni, la watu wote. Kodi hawadai, wanamega kidogo kila ukiuza. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

— Mgeni yupi? akauliza Gula.

— Wanunuzi! Malaki!

— Na wauza soksi malaki vilevile, Kunguru wewe. Mashine inamtanguliza aliyelipia tangazo. Fazi atawekwa ukurasa wa mia tatu, katikati ya soksi za mbwa.

— Mbwa wanavaa soksi? akauliza Mahada toka ndani, unga mpaka kwenye nyusi.

— Wa Mumbai wanavaa.

Kunguru akashusha sauti, akatazama huku na huku.

— Tena kule sokoni kuna mtu ameajiriwa kujaribu kila soksi. Mguu mmoja tu. Ndiyo maana duniani zinapotea moja moja.

— Na zinazopotea kwangu, ambazo alinifumia mke wangu? akauliza Gula.

— Ana mkono mrefu yule.

Nabir akaona maji yanazidi unga. Akakohoa.

— Fazi Begum, nisikilize. Mtandao wetu huu una tabia za mkwe: unakuja ukitaka, unaondoka bila kuaga. Ukizimika majuma mawili, kodi ya duka nani atakurudishia? Picha za simu hazikudai kitu. Bakia hapo hapo.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, akaitikia Kunguru. Na guu likivunjika, soksi ya nini?

— Nabir, wewe kila nikitaka kupanda unanishika upindo! Nilitaka kuwauzia watalii, ukasema watalii wana miguu mikubwa.

— Wanayo.

— Basi mimi nina mteja, akasema Fazi, na sauti yake ikalainika hata Kunguru akaacha kunywa. Nyie mnacheka, chekeni. Tangu Sidik wangu afariki, nani kaniambia kazi yako nzuri? Huyu Raina aliniandikia: "Mama, kisigino hiki kimefumwa na mtu mwenye subira." Maneno hayo nimeyasoma mpaka nimeyahifadhi. Mtu asiyenijua! Hanionei huruma, hata kama nina mume au sina hajui. Kama mmoja wa Jammu anapenda hivi, dunia nzima je?

Nabir akatazama chini. Maneno ya kisigino aliyaandika kwa saa nzima, akayafuta, akayarudia, na hakuna hata moja la uongo. Akiyakiri, samawari itapona, lakini moyo wa mwanamke utavunjika mbele ya watu. Akinyamaza, moyo utapona, na samawari iliyonywesha harusi zote za mtaa huu itapigwa nyundo kabla ya adhuhuri. Yote kwa kiherehere chake yeye.

— Haya, mimi nakwenda, akasema Fazi.

Hapo alikuwa amesimama Taslima, bibi harusi wa nyumba ya pembeni, majuma mawili tu tangu aletwe, hina bado haijafutika viganjani, kaja kununua mikate.

— Samahani wakubwa zangu. Mimi mgeni. Lakini huyo mteja mwenyewe, yeye anapenda kununua kwenye duka lipi?

Kunguru akamtazama Gula. Gula akachungulia kikombe chake.

— Hatujamuuliza, akasema Fazi polepole. Koo linamsumbua.

— Basi apokee asikilize tu, dada. Jibu ataandika.

Fazi akaiegemeza samawari kiunoni, akatoa simu. Nabir akainuka kama aliyekalia sindano.

— Nimekumbuka, mkate wangu…

— Wako ndio kwanza naubandika, akasema Mahada. Kaa.

Chini ya joho kitu kikaanza kulia.

— Nabir, simu yako hiyo, akasema Kunguru.

— Si yangu.

Na kweli, kwa namna fulani, haikuwa yake. Mkono mmoja umeshika chungu cha makaa, mwingine unapapasa gizani kutafuta kitufe cha kunyamazisha. Akabonyeza kilichomjia kidoleni. Mlio ukakoma. Nabir akashusha pumzi.

— Alo? Bwana Raina? akasema Fazi.

"Alo? Bwana Raina?" likasema tumbo la Nabir.

— Kikulacho ki nguoni mwako! akapiga kelele Gula.

— Nyamaza wewe, akasema Mahada.

Nabir akakitoa kitochi, jivu mpaka kwenye vifundo vya vidole, kioo kikiwaka mbele ya wote. Fazi hakukata. Alimtazama, simu sikioni.

— Koo linaendeleaje?

Miaka thelathini Nabir alibeba maneno ya watu begani. Sasa akakibandika kitochi sikioni.

— Kwa hiyo sina mteja hata mmoja, akasema Fazi.

— Unaye mmoja, akajibu Nabir ndani ya kitochi, maana mkono haukujua pengine pa kwenda. Na lile la kisigino, Fazi Begum, sikukuongopea.

Fazi akainama, akaitua samawari kwenye ubao, pale pale Nabir alipokuwa amekaa. Simu bado iko sikioni.

— Jozi kumi na tisa, akasema. Vua viatu nione.

Nabir akavitazama viatu vyake. Kunguru, Gula, Mahada na bibi harusi wote wakaviinamia. Akavua. Alikuwa amevaa jozi tatu, moja juu ya nyingine, zote kazi ya Fazi.