Mzee Faili na Sentensi Alizozimaliza Mwenyewe

Ifikapo tarehe 30 Juni, Mkuu wetu wa Masjala, ambaye chuo kizima kinamjua kwa jina la Mzee Faili, atakabidhi funguo baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Aliingia akiwa karani kijana, mwembamba kama ufito. Anaondoka akiwa babu wa wajukuu watano, na kitambi anachokiita marupurupu.

Masjala aliitaka mwenyewe, kwa sababu mafaili hayasemeshi mtu. Mzee Faili ana kigugumizi tangu utotoni, na wakati ule alikuwa ameshaamini kwamba mdomo wake ni wa kulia chakula tu. Kazini hakuwa na mpinzani. Ukimtajia mwanafunzi wa miaka kumi iliyopita, kabla hujakaa kitini faili liko mezani, limefutwa vumbi. Mwalimu wa michezo aliwahi kumjaribu kwa jina la uongo, akaletewa faili lake mwenyewe lenye barua mbili za onyo.

Sisi wenzake tulimsaidia kuongea. Akianza tu neno, tunammalizia, na tulijiona wastaarabu kweli. Mimi niliyeketi naye chumba kimoja ndiye niliyekuwa hodari kuliko wote. Siku moja alitaka kuniaga aende kwa daktari. Alipofika "da...", nikamkatiza, nikampa daftari. Akalipokea, akashukuru, akakaa na homa yake hadi saa za kazi zilipokwisha.

Aliishi hivyo miaka kumi na mmoja. Nafasi ya ukuu wa masjala ilitangazwa mara mbili, naye hakuomba, maana usaili ni kuongea.

Mwaka uliofuata faili moja lilipotea, na lawama zikamwangukia dada mfagiaji, mama wa watoto wawili, kwa kuwa alikuwa na ufunguo. Kikao kikaitwa cha kumfukuza kazi. Mzee Faili alijua kwamba faili lilichukuliwa na mkuu wa taaluma mwenyewe, ambaye alikuwa amesahau. Alimwandikia barua, ikakaa kwenye trei bila kufunguliwa.

Asubuhi ya kikao alipiga magoti katikati ya rafu kumwomba Mungu amfungue ulimi. Aliniambia baadaye kwamba alikwama kwenye neno la kwanza kabisa, Baba, na akiwa amekwama hapo akagundua kuwa hakuna anayemmalizia. Mungu, anayelijua neno kabla halijafika ulimini, alikuwa anamsubiri. Basi akawaza: kama Mungu anasubiri, kikao ni nani?

Nilikuwepo, naandika kumbukumbu. Alisimama, akakwama. Mwenyekiti akataka kummalizia. Mzee Faili akainua kiganja kwa adabu, akaendelea. Ilimchukua dakika sita kueleza faili liko wapi na saini ya aliyelichukua iko ukurasa gani wa rejista. Mkuu wa taaluma akaenda kabatini kwake, akarudi nalo, akaomba radhi. Dada yule leo ndiye msimamizi wa usafi.

Kigugumizi anacho hadi leo, na hofu humtembelea, asemavyo mwenyewe, kama mgeni asiyelala. Nafasi ilipotangazwa mara ya tatu, aliomba na kuipata. Kanisani kwao akajiandikisha kwenye zamu ya kusoma Neno. Jumapili yake ibada hurefuka, na mkewe siku hiyo huacha chakula kimeshaiva.

Mzee wetu, asante kwa kila faili na kwa kila neno. Nisamehe lile daftari. Tunakuombea mapumziko yenye afya, amani nyumbani, na wajukuu wenye masikio.

Katika ratiba ya sherehe, kila msemaji amepewa dakika tano. Kwako hatukuandika muda. Simama useme, tutangoja.