Kiti Kilicholia Kwenye Kimya

Mheshimiwa mgeni rasmi. Mwenyekiti wa bodi ya kituo chetu cha filamu. Kaka mwongozaji, uliyetukimbiza mwaka mzima na leo umevaa tai. Wanamuziki wote, wa kupuliza, wa kupiga na wa kuimba. Ndugu wageni waalikwa. Mama mkwe wangu, uliyekaa karibu na mlango na mjukuu wako ili akianza vurugu mtoke. Na wewe Mwalimu wetu, mtunzi wa muziki tutakaousikia sasa hivi, unayestaafu leo: nawasalimu nyote kwa heshima.

Mwalimu, nimesogeza kipaza sauti ili unipate vizuri. Nikienda mbio ninyoshee mkono.

Wenzangu walinichagua nizungumze kwa sababu, walisema, mama wa mtoto wa miezi minane hana muda wa porojo. Ni kweli. Sijalala usiku mzima tangu azaliwe, kwa hiyo nikirudia jambo mara mbili mnivumilie, na nikirudia mara tatu mnikoholee.

Kwa wasionijua, mimi ni mnakili. Mtunzi huandika muziki wote katika kitabu kimoja kikubwa, kisha mimi namtolea kila mpigaji karatasi yake, ili wa zumari aone ya zumari na wa tarumbeta aone ya tarumbeta. Sikufika mbali shuleni. Niliingia katika jengo hili na ndoo ya kupigia deki, na juu ya ndoo nilibandika karatasi: "Ya chooni, usichanganye." Mwalimu akapita, akasimama, akaisoma ile ndoo kama mtu anayesoma barua ya posa. Akauliza, "Nani mwenye mwandiko huu?" Nikadhani nimeharibu. Kesho yake nilikuwa nimekaa mezani kwake najifunza nota, na tangu siku hiyo ananiita Mwandiko. Jina limenishika hata nyumbani. Mume wangu akikasirika tu ndipo hukumbuka lile la kwenye cheti.

Ndugu zangu, filamu tunayoifungua leo inaeleza walivyokuja walowezi. Wanakuja na mikokoteni, wanakaribishwa maji, wanazungushia uzio, na mwisho wenye nchi wanaambiwa wahame. Mwalimu aliwatungia walowezi wimbo wa kutembea nao. Jamani, wimbo ule! Katika wiki moja ulikuwa umeenea jengo zima. Mlinzi anaupiga mluzi getini, wadada wa usafi wanakung'utia nao mazulia, mhasibu anagonga nao kalamu. Mwalimu akawa anatembea kama bwana harusi.

Mimi nami niliufurahia, mpaka jioni moja nikiwa naosha vyombo nikamwona binti yangu wa miaka minne anapita sebuleni, mfuniko wa sufuria mkononi, mguu juu, mguu chini, anaimba wimbo wa walowezi na kumwamuru mdogo wake aliyekaa kwenye beseni, "Toka, hapa pangu!" Nikaacha sufuria kwenye povu.

Asubuhi nikaenda ofisini kwake. Nikamwambia, "Mwalimu, mwanangu anaimba wimbo wa walowezi."

"Anaupatia?"

"Anaupatia mno. Hiyo ndiyo shida."

Akavua miwani. "Kwa hiyo unataka niwaandikie wimbo wa chura?"

"Sitaki chura, Mwalimu. Sitaki watoto watoke kwenye hii filamu wakiwashangilia waliowafukuza babu zao."

"Mwandiko," akasema, "nenda kanakili."

Mheshimiwa mgeni rasmi, hakunisemesha siku mbili. Hata chai alipita nayo mbele ya mlango wangu bila kuniuliza kama nimekunywa. Nami sikwenda kuomba radhi. Mtu anayekupenda ukimwambia kweli atanuna, lakini hatahama.

Siku ya tatu akaingia chumba cha kunakilia, akasogeza nepi zilizoanikwa kwenye stendi za nota (ndiyo, Mwenyekiti, nilikuwa naanika, naomba msamaha hapa hapa), akanitwika kitabu. Akasema, "Wimbo wao sitaufanya mbaya. Ungekuwa mbaya, nani angewafungulia mlango? Lakini soma chini yake."

Nikasoma. Wimbo ulikuwa ule ule, ila safari hii chini yake palikuwa na watu. Walowezi wanapofika, chini ya wimbo wao mnasikia zumari, marimba, sauti za akina mama na ngoma. Wanapojenga uzio, zumari haipo. Wanapofanya sherehe ya mavuno yao ya kwanza, marimba haipo. Wenye nchi wanapofungasha, akina mama wananyamaza, inabaki ngoma peke yake, na ngoma nayo inakoma. Wimbo unabaki na uzuri wake wote, hauna pa kukanyaga. Kisha kimya. Niliuimba nikimkunjia mtoto nepi, kwa sababu sheria ya Mwalimu ni kwamba wimbo hupimwa na mtu mwenye kazi mikononi. Nilipofika kwenye kile kimya, mikono ilisimama yenyewe.

"Umeona?" akauliza.

Nikamwambia, "Nimeona. Na chai sijanywa." Akaenda kuichukua.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya nikubali kusimama hapa. Kurekodi kulikuwa Ijumaa. Nilikuwa na siku nne, karatasi thelathini na mbili za kunakili upya, mdogo mgongoni anaota jino na dada yake miguuni. Wanamuziki wanajua desturi yetu: chumba chetu cha kurekodia ni kidogo na kina joto, kwa hiyo anayemaliza sehemu yake huona neno "Mwisho" chini ya karatasi yake, huinuka polepole, hutoka. Neno hilo huandikwa na mnakili. Kwenye karatasi za zumari, marimba, akina mama na ngoma, mimi nilisahau kuliandika.

Wakamaliza, wakakaa. Kila mmoja alidhani bado ana zamu mbele. Mzee wetu wa ngoma, ambaye tunamwita Radi kwa sababu hajawahi kutulia popote, alikaa na mikono juu ya ngoma akingoja pigo ambalo halikuandikwa. Mwongozaji akauliza kwa mkono, "Hawa mbona hawatoki?" Na Mwalimu, ambaye alikuwa ameshaiona karatasi na kuniona mimi nilivyobadilika rangi, akanong'ona, "Nimewaambia wakae."

Hakuwaambia. Mwongozaji na bodi mmelisifu sana jambo hilo, kwamba ni ubunifu mkubwa, wanaonyang'anywa wanabaki wamekaa wanasikiliza. Lilikuwa kosa langu, naye alilibeba kama lake ili nisifukuzwe. Leo nalitua mbele yenu.

Basi wimbo ukaisha, kimya kikaingia, na katikati ya kile kimya kiti cha Radi kikalia. Kwiii. Kila mtu akakunja uso. Mwongozaji akarusha mikono, "Turudie!"

Mwalimu akageuka. "Turudie nini?"

Radi akasimama, maskini, jasho limemtoka, akasema, "Mwalimu, kiti changu kimelia."

"Kimelia saa ngapi?"

"Kwenye kimya, Mwalimu."

Hapo ndipo tulipojua kwamba hakukisikia, na yeye ndipo alipojua kwamba tumejua. Mnaweza kukisia sasa kwa nini anastaafu mapema. Ameniruhusu niseme, amesema hata hivyo mke wake amechoka kupiga kelele. Lakini siku ile hakuna aliyecheka. Mwalimu alikaa, akafikiri, akamwuliza Radi, "Ulikuwa bado umekaa pale?" Radi akajibu, "Ningeenda wapi?"

Mwalimu akasema, "Basi kiacheni hicho kiti. Aliyebaki pale ana haki ya kusikika, hata kama mimi simsikii."

Ndugu wageni waalikwa, nimeishi na watu wenye elimu kuliko mimi, lakini sijasikia somo la historia fupi kuliko hilo.

Kaka mwongozaji, sasa nakugeukia wewe, na sitabasamu. Fundi wetu wa sauti ana nakala mbili. Moja imesafishwa, kimya chake ni safi kama sahani. Nyingine ina kiti. Wiki nzima nimekuuliza utatuonyesha ipi, ukaniambia, "Tutaona, dada, tutaona." Najua wakubwa wa usambazaji wanasema ni dosari. Lakini hao wakubwa hawakukaa kwenye kile kiti. Tuambie leo, ungali mbele ya watu na mtunzi wako angali kazini kwa saa moja iliyobaki.

Umeinua kidole. Kimoja, au viwili? Viwili! Nakala ya pili, yenye kiti. Mmeona nyote? Radi, umeona? Haya, makofi baadaye, mtoto kalala.

Mwalimu, wenzako wamenituma nikuandikie kadi ya kukuaga, nami nimeiandika kwa mwandiko ule wa kwenye ndoo. Chini yake sikuandika "Mwisho." Safari hii sikusahau. Mlango wa chumba cha kunakilia uko pale pale, chai ipo, na zamu yako ya kununa ukiambiwa kweli haijaisha.

Kwa bodi, kwa wanamuziki, kwa mke wa Mwalimu aliyetuazima mume wake jioni zote zile, na kwa mama mkwe wangu, ambaye bila mgongo wake mimi nisingekuwa na mikono: tunawashukuru sana.

Taa zikizimwa nitakuja kukaa kwenye kiti cha kushoto kwako, Mwalimu. Wimbo utapita, najua utausikia, huo unao kichwani. Kimya kikiingia nipe mkono wako. Kiti kikilia, nitaubonyeza mara moja.

Asanteni kwa kunisikiliza mimi. Sasa tumsikilize aliyebaki.