Fundi Chujio na Mteremko wa Vikombe

Ijumaa, tarehe thelathini ya mwezi huu, saa kumi jioni, fundi mkuu wa pampu katika bustani yetu ya michezo atakabidhi funguo zake baada ya utumishi wa miaka thelathini na mitatu na miezi minne. Hiyo miezi minne ameisisitiza mwenyewe. Alipopita ofisini wiki iliyopita na kusikia kwamba jarida la wafanyakazi linaandaa habari zake, hakuuliza tumeandika nini. Aliuliza tu kama miezi minne imo. Imo, Fundi.

Ana jina lake kamili kwenye jalada, lakini humu ndani hakuna anayelitumia. Tunamwita Fundi Chujio, kwa sababu ukimkosa karakana, basi ujue amepiga magoti kando ya mfereji wa mashua, amelichomoa chujio la pampu na analichungulia kama daktari anayechungulia koo la mtoto.

Alikuja kwa kazi ya wiki mbili. Bustani ilikuwa inazipaka rangi upya mashua kumi na nne za watoto, zile zinazobebwa na mkondo kuuzunguka mfereji, na ilihitaji mtu wa kushika brashi. Siku ya tisa pampu inayoyasukuma maji hayo iligoma. Fundi wa wakati ule alikuwa kitandani anaumwa, na huyu mtu wa rangi akaomba aruhusiwe kuitazama. Saa tatu baadaye maji yalikuwa yanazunguka, naye amelowa tangu kofia hadi soksi. Wiki mbili zile hazijaisha mpaka leo.

Masikio yake ni ya ajabu. Huegemeza ncha ya bisibisi kwenye pampu, mpini kwenye sikio, anafumba macho, kisha anakwambia ni beringi ipi inayolalamika. Siku ya harusi ya binti yake wa pili, wageni walipanga mstari kuwapongeza wazazi, baba mtu haonekani. Mkewe, anayemjua kuliko sisi sote, hakupoteza muda kumtafuta ukumbini. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya jengo, akamkuta ndani ya suti yake mpya, ameinamia pampu ya maji ya ukumbi iliyokuwa ikitoa sauti asiyoipenda. Picha ya familia ipo. Baba ana mkono mmoja mweusi kwa grisi.

Tusimfanye malaika, lakini. Spana zake haziazimwi, hata kwa maandishi. Na kuna siku alifunga valvu isiyo yenyewe, wageni wa heshima wa meneja wakabaki katikati ya mteremko mkubwa wa maji, suruali zimelowa, maji hakuna, wanashuka kwa kujisukuma na makalio. Barua yake ya kuomba radhi ilikuwa na sentensi moja: "Valvu zilifanana." Kesho yake kila valvu ilikuwa imepakwa rangi yake, na hazijachanganywa tena.

Sasa tuingie kwenye jambo ambalo hata wafanyakazi wapya wamelisikia, kila mmoja kwa chumvi yake. Hapa tunalieleza lilivyokuwa.

Ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya likizo za shule, miaka saba iliyopita. Bustani ilifurika. Saa sita mchana maji ya mfereji yalipunguza mwendo, yakasimama. Mashua zote kumi na nne zilikuwa na watoto, nyingine zimekwama chini ya daraja la mbao ambako mzazi hamwoni mwanawe. Vilio vilianza upande mmoja, vikaenea. Fundi hakwenda kwenye pampu. Aliingia majini na buti zake, maji yakamfika kiunoni, akaanza kuzisukuma mashua moja moja hadi kwenye ngazi, huku akinguruma kama injini ili watoto wacheke. Ilimchukua dakika arobaini. Hakuna aliyeumia. Mtoto wa mwisho, binti wa miaka mitano hivi, alikataa kushuka. Alitaka mzunguko mwingine na injini ileile.

Watu walipotawanyika, ndipo alipoifungua pampu. Ndani alikuta donge kubwa kama kichwa cha ng'ombe: mirija ya kunywea, mifuniko ya vikombe, vipande vya vikombe vyenyewe, vyote vimesokotana. Mota ilikuwa imeungua. Ilikuwa ya pili kuungua ndani ya miezi kumi na minane.

Jumatatu meneja alitangaza kwamba ikiungua ya tatu, mfereji utafukiwa na eneo hilo litakuwa maegesho ya magari. Alisema kwa upole, lakini alisema. Wahudumu watatu wa mashua walikuwa wamesimama mlangoni wakisikiliza. Mmoja wao alikuwa ameifanya kazi ile miaka kumi na tisa na hakuwa na nyingine.

Fundi alikwenda kufunga mota mpya. Kwa mwezi mzima alikusanya kila kilichonasa kwenye chujio, akakiosha, akakianika kwenye kamba nyuma ya karakana. Tulidhani mota imeungua na mwenyewe naye kidogo. Kwenye kikao cha mwisho wa mwezi aliingia na magunia mawili, akayamwaga juu ya meza ndefu ya mikutano. Mirija ilitiririka hadi kwenye daftari la katibu. Kulikuwa na mirija elfu tatu mia tisa na sita. Alikuwa ameihesabu mwenyewe. Meneja aliisogeza michache kwa ncha ya kalamu, akauliza kama imeoshwa. Fundi akajibu kwamba imeoshwa mara mbili. Kisha akasema ombi lake: bustani iache kabisa mirija, mifuniko na vikombe vya plastiki vya kutumia mara moja na kutupa.

Hapa mwandishi lazima ajitaje, maana kuficha kutakuwa aibu ya pili. Mimi ndiye msimamizi wa vibanda vya vinywaji, na mimi ndiye niliyesimama kumpinga. Niliona watoto wakimwagikiwa na juisi, foleni zikirefuka, wazazi wakinitolea macho. Nikamwambia mbele ya wote, "Fundi, wewe shughulika na pampu. Vinywaji niachie mimi."

Hakukasirika. Aliokota mrija mmoja wa rangi ya machungwa, rangi tuliyokuwa tukiitumia kwenye vibanda vyangu pekee, akauweka mbele yangu taratibu.

"Dada yangu," akasema, "unachouza wewe ndicho ninachokitoa mimi."

Kikao kilikubali majaribio hadi mwisho wa msimu. Nilishiriki nikiwa nimenuna.

Mwanzo ulikuwa mbaya, na nakiri nilifurahi kimoyomoyo. Tulijaribu mirija ya karatasi. Ilirojeka kabla mtoto hajafika nusu ya kikombe, na mama mmoja aliniletea wake kiganjani kama uji. Tukahamia kwenye vikombe vigumu vya kurudisha, vya kuoshwa na kutumika tena. Tulitoa mia sita wiki ya kwanza, vikarudi chini ya mia nne. Vingine vilikwenda nyumbani kwenye mikoba, vingine tulivikuta vichakani, na kimoja kilipandwa ua kwenye dirisha la nyumba iliyo ng'ambo ya barabara. Tunakiona mpaka leo, na ua limestawi. Meneja alianza kuulizia vipimo vya maegesho.

Siku moja nikamwona Fundi amekaa kwenye benchi tangu asubuhi, saa mkononi, hafanyi lolote. Nilikwenda kumuuliza kama anaumwa. Akaniambia anawatazama watu wanamalizia wapi kunywa. Sisi tuliweka kapu la kurudishia vikombe kwenye kibanda, mahali pa kununulia. Lakini watu hununua, wakatembea, na hulimaliza funda la mwisho wakiwa kwenye foleni ya mashua, mita themanini mbele. Pale hapakuwa na kapu. Palikuwa na maji.

Siku tatu karakana ilikuwa imefungwa kwa ndani, misumeno inalia. Siku ya nne alitoka na kitu ambacho wengi wenu mnakipita kila asubuhi bila kukifikiria tena: bomba refu lililopasuliwa katikati, limejipinda mara tatu kama mteremko wetu mkubwa wa maji, limepakwa rangi zilezile za mashua, linaanzia kimo cha mtoto kwenye foleni na kuishia ndani ya kapu. Unaweka kikombe juu, kinateleza, kinazunguka kona, kinagonga kengele ndogo, kinatumbukia.

Mvulana wa kwanza aliyekiona alitumbukiza kikombe chake, akasikia kengele, akamnyang'anya baba yake kikombe ambacho hakijaisha. Baada ya saa moja kulikuwa na foleni mbili, moja ya mashua na moja ya kengele. Watoto walizunguka bustani nzima wakiokota vikombe vya watu wasiowajua. Walipovimaliza, waliwavuta wazazi wao hadi kwangu wanunuliwe juisi nyingine, si kwa kiu, bali wapate cha kuteremsha. Niliuza vinywaji vingi siku ile kuliko Jumamosi yoyote niliyowahi kuiona. Jioni nilimpelekea Fundi bilauri ya juisi ya nanasi, baridi, bila mrija. Aliinywa yote. Hakusema "nilikwambia", na kwa hilo pekee nitamheshimu maisha yangu yote.

Wiki hiyo vilipotea vikombe vinne.

Mengine yalifuata kama mtelezo. Duka letu la zawadi liliacha mifuko ya plastiki, likaacha na kufunga kila mwanasesere kwa nailoni ngumu ambayo baba wazima walikuwa wakiipasua kwa meno. Mwenye duka kubwa la vyakula la mtaa wa pili alileta wauzaji wake waje kuona, na baada ya miezi michache sabuni na mafuta ya kula vikaanza kuuzwa kwake kwa kupimiwa kwenye chombo cha mteja. Bustani nyingine zilituma wajumbe. Fundi, ambaye afadhali aingie kwenye tangi kuliko kushika kipaza sauti, alitakiwa kuwahutubia. Hotuba yake ilikuwa dakika moja na nusu. Kisha aliwapeleka kwenye pampu, akachomoa chujio, akawaachia wenyewe watazame. Ndani yalikuwepo majani, kibanio cha nywele, na kiatu kimoja cha mtoto.

Mota iliyofungwa mwaka ule ndiyo inayozunguka mpaka leo, msimu wa saba huu. Wahudumu watatu wa mashua bado wapo, na yule wa miaka kumi na tisa sasa ana ishirini na sita kazini. Maegesho hayakujengwa. Karakana inachukuliwa na fundi mwenzake, mama wa watoto wawili aliyefanya naye kazi miaka sita. Atakabidhiwa kila kitu isipokuwa spana. Kuhusu spana, mazungumzo yanaendelea.

Uongozi ulipomuuliza Fundi angependa zawadi gani, tulitegemea saa ya ukutani au kiti cha kupumzikia. Aliomba kupanda mashua na mkewe. Ndipo tulipotambua kwamba miaka yote hiyo hajawahi kuketi ndani ya hata moja. Amezipaka rangi, amezisukuma, amezibeba begani, lakini kuzipanda, hapana.

Jumapili iliyopita alasiri tuliwapandisha. Mkewe alivaa gauni la buluu, yeye shati jeupe lililopigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Mashua ni ya watoto, kwa hiyo magoti yao yalifika karibu na videvu. Wafanyakazi tulijipanga kandokando ya mfereji, wa tiketi, wa usafi, wa jikoni, hata meneja, na mhudumu yule wa miaka ishirini na sita ndiye aliyewafungulia kamba. Walipokaribia daraja tulimwona Fundi ameinama pembeni, sikio limeelekea majini, uso umekunjamana.

Mkewe alimshika mkono, akamrudisha kwenye kiti.

"Kaa vizuri, baba watoto. Leo wewe ni abiria."

Akakaa vizuri. Wakapita chini ya daraja, wakatokea upande wa pili kwenye jua wanacheka wote wawili, na walipofika kwenye ngazi hawakutaka kushuka. Tukawaacha wazunguke tena. Na tena. Watoto waliokuwa kwenye foleni hawakulalamika, walipunga mikono.

Fundi, kwa niaba ya vibanda vya vinywaji, mfereji, mteremko mkubwa na kila idara ambayo umewahi kuipita na matope yako, ahsante sana. Ahsante pia kwa mama watoto, aliyetuazima mume kwa miaka thelathini na mitatu na miezi minne. Tunamrudisha akiwa mzima, amelowa kidogo tu. Nawe Fundi, tunakuombea usingizi mrefu wa asubuhi, afya isiyohitaji vipuri, na wajukuu wenye kelele. Ukija kututembelea, lango liko wazi, ila usije na ovaroli. Maisha yako ya kustaafu na yawe matamu, Fundi wetu.