Mama Kutu na Paa la Bwawa

Marehemu dada yetu mkubwa alizaliwa tarehe 14 Machi 1963, kifungua mimba wa fundi cherehani na mkunga. Alisoma shule ya msingi ya karibu na nyumbani, kisha sekondari ya wasichana, na mwaka 1986 akahitimu stashahada ya kemia. Mimi mdogo wake nilirithi madaftari yake, akili akabaki nazo mwenyewe.

Mwaka 1987 aliajiriwa katika maabara ya kiwanda cha kutia vitambaa rangi. Maji ya kiwanda yalishukia kijitoni, watu wanakofulia na watoto wanakooga, siku nyingine mekundu, siku nyingine ya buluu. Dada ndiye aliyeanzisha bwawa la kuyasafisha kwa chuma kidogo, dawa ya peroksaidi na jua kali. Jua lilikichochea chuma, chuma kikaiamsha dawa, rangi ikavunjika. Kutu iliyobaki ilimharibia magauni yote, ndiyo maana kazini walimwita Mama Kutu.

Aliolewa mwaka 1990 na fundi wa kuchomelea vyuma. Mwaka 2016, dada akiwa likizo, uongozi ulitaka kumshukuru kwa kumkinga na mvua, ukajenga paa la mabati juu ya bwawa lote. Fundi aliyepewa kazi alikuwa mumewe, akaifanya kwa siri na kwa mapenzi yote. Dada aliporudi alilizunguka bwawa lote akiyatazama mabati. Jioni akamwambia, "Baba watoto, umenifungia jua."

Tulicheka sana. Yeye hakucheka. Paa lilikuwa limezinduliwa na mgeni rasmi, basi hakuna aliyethubutu kuligusa. Aliomba liondolewe, akaambiwa asubiri, akaomba tena. Rangi ikarudi kijitoni. Ilichosha hata kumsikiliza, sembuse kuwa yeye.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2018. Kila meneja alipokuja hospitali kumjulia hali, dada aliuliza habari za paa kabla hata ya kuitikia salamu. Alifariki tarehe 9 Agosti 2019, saa nne asubuhi.

Ameacha mume, mabinti wawili, mjukuu mmoja na mimi. Shemeji mnamwona pale, mikono imefungwa bendeji. Jana hakukaa msibani. Alibeba mashine yake ya kukatia vyuma akaenda kiwandani bila kibali. Mlinzi akamfungulia geti, kisha akatazama pembeni. Meneja, uko hapa, na habari najua umeshazipata. Mabati yote yako chini.

Pumzika kwa amani, dada. Umeomba vya kutosha.