Effie Swankie, 1952–2025: Zamu Haikuwa Yake

Marehemu Euphemia Swankie, ambaye hakuna aliyewahi kumwita hivyo isipokuwa mchungaji siku ya ubatizo, alizaliwa tarehe 11 Februari 1952 katika Mtaa wa Wavuvi, hapa Kinlachty, pwani ya Angus. Alikuwa mtoto wa kwanza wa mzee Alexander Swankie, mvuvi, na mama Jessie, aliyekausha samaki kwa moshi kwenye kibanda nyuma ya nyumba. Aliyemfuata ni mdogo wake George, yaani Dod, ambaye ndiye aliyeandika wasifu huu na ndiye anayeusoma. Sauti yake ikipanda mahali fulani, mumwie radhi. Msipomwia radhi, shauri yenu.

Effie alisoma shule ya msingi hapa hapa, kisha sekondari Arbroath hadi mwaka 1967, alipoacha ili amsaidie mama. Masomo aliyapenda kiasi. Alichokipenda hasa ni gofu. Uwanja wetu ni mali ya mji na kila mkazi ana haki ya kucheza, kwa hiyo alijifunzia pale, kwa fimbo ya babu iliyokatwa mpini ili imfae. Siku moja, akiwa bado mtoto, alikwenda uwanjani moja kwa moja kutoka kwenye moshi. Bibi mmoja wa klabu akaziba pua, akauliza, "Hiki kinachonuka ni nini?" Effie akapiga mpira, akautazama mpaka ulipotua karibu na bendera, ndipo akamgeukia. "Ni mimi, mama. Sasa piga wewe, tusikie utanukia nini." Mama Jessie alimchapa kwa utovu wa adabu, halafu akajifungia jikoni acheke peke yake.

Kazi yake maisha yote ilikuwa samaki. Aliwapasua, akawafunga mikia wawili wawili, akawatundika juu ya moto wa magogo, tangu mwaka 1967 hadi alipostaafu mwaka 2015. Alfajiri moshi, jioni gofu. Mwaka 1974 alikuwa bingwa wa wanawake wa Angus, na mwaka 1976 akaitwa timu ya taifa ya Uskoti. Hakuna msichana wa Mtaa wa Wavuvi aliyeitwa kabla yake, wala aliyeitwa baada yake. Siku barua ilipofika, baba alitembea nayo bandarini akiwasomea watu ambao walikuwa wameshaisikia.

Hapa ndipo familia inapoomba utulivu.

Julai 1978 Effie alikwenda Uholanzi na timu ya wanawake, kwenye mashindano ya mataifa ya Ulaya ya wachezaji wasiolipwa. Mwenzake katika mchezo wa wawili alikuwa Rosalind Guthrie, binti wa daktari wa mji huu huu. Walicheza pamoja tangu utotoni, mmoja akinuka samaki na mwingine sabuni, na walipendana kwelikweli. Katika mchezo huo wawili hutumia mpira mmoja. Huyu akipiga, mwenzake anafuata, na aliyeanzisha shimo la kwanza huanzisha pia la tatu, la tano, vivyo hivyo hadi mwisho. Rosalind alikuwa na hayo, Effie alikuwa na la pili, la nne na mengineyo.

Ilikuwa nusu fainali, dhidi ya Uswidi. Walimaliza mashimo kumi na nane wakiwa sare, ikabidi warudi shimo la kwanza kutafuta mshindi. La kumi na nane alikuwa ameanzisha Effie. Basi sasa ilikuwa ni zamu ya Rosalind, ambaye asubuhi ya siku ile, mahali pale pale, alikuwa ameupeleka mpira kichakani mbele ya watu.

"Effie, piga wewe," alisema Rosalind.

"Si zamu yangu. La mwisho nimeanzisha mimi."

"Nimemuuliza nahodha. Tukirudi mwanzo tunapanga upya. Tazama mikono yangu inavyotetemeka."

"Una hakika, Rosa?"

"Lini nimewahi kukudanganya? Piga bwana, wanatungoja."

Effie hakuwa mjinga. Lakini Rosalind ndiye aliyesoma sheria, ndiye aliyewafundisha wenzake wote, na Effie alimwamini kama mtu anavyoiamini saa ya kanisa. Akapiga. Walioona wanasema hakuna mpira uliopigwa vizuri kuliko ule siku ile. Mwamuzi hakuutazama hata ulikoangukia. Alitikisa kichwa, akasema mpigaji si mwenye zamu, shimo limepotea. Shimo likaenda na mchezo, na jioni, michezo ya timu nzima ilipojumlishwa, Uskoti ikatolewa nne kwa tatu.

Nahodha wa timu, bibi mmoja wa Edinburgh ambaye ameshatangulia na hatutamtaja jina, aliwaita wote wawili. Alikuwa hajaulizwa lolote na mtu yeyote. Rosalind akasema, "Sijui alipitiwa vipi. Mimi nilikuwa nimeinama nafunga viatu." Effie akaeleza ukweli wote, neno kwa neno. Nahodha akamwangalia, akaziangalia zile kucha zake zenye rangi ya moshi, akamwambia, "Binti, kukosea ni jambo la kawaida. Kumtwika mwenzako si kawaida." Effie hakuitwa tena timu ya taifa. Rosalind aliitwa mara tatu zaidi.

Mji huu nao ulifanya sehemu yake, na wengi mliofanya mmesimama hapa mmevaa nyeusi. Kwenye foleni ya chipsi, kwenye foleni ya posta, mtu alikuwa akimwona tu anaanza, "We Effie, zamu ya nani?" Watoto waliokuwa hawajazaliwa mwaka ule walijifunza kuuliza hivyo kabla ya kujua maana yake. Effie alicheka nao miaka ya mwanzo. Baadaye akaacha kucheka, na baadaye tena akaacha kwenda posta. Jina la Rosalind limeandikwa kwa dhahabu ukutani mwa klabu, na chini yake limeandikwa tena kama rais wa klabu. La Effie halipo. Tuliwahi kuuliza, tukaambiwa nafasi imejaa.

Tarehe 4 Aprili 1981 alifunga ndoa na Ronald Beattie, mwokaji mikate, ingawa kama ilivyo kwa wanawake wa mtaa wetu jina la Swankie halikumtoka. Ronnie alikuwa mpole kupita kiasi, isipokuwa siku moja mteja alipoingia dukani akauliza lile swali, Ronnie akamtoa nje na mkate wake akaurudisha rafuni. Walijaliwa watoto wawili, Sandy na Mhairi. Gofu Effie hakuiacha, ila hakucheza tena na mwenzi. Jioni alikwenda peke yake na mpira mmoja. Mhairi alipokuwa mdogo alimfuata siku moja akamsikia akijiuliza kwa sauti kabla ya kila pigo, "Zamu ya nani?" na kujijibu, "Yangu." Alidhani mama yake anacheza mchezo wa kuchekesha. Ronnie alifariki mwaka 2014.

Februari mwaka huu Effie alianza kukohoa damu, na mwezi Mei madaktari wakasema ni saratani ya mapafu. Hakushangaa. Alisema amevuta moshi mwingi kuliko samaki wote wa Angus, na samaki hawakulalamika. Oktoba alilazwa, na ni huko Bi. Rosalind alikokuja kumwona, na maua. Dod alikuwepo, akataka kumtoa, Effie akamzuia.

"Effie, nimekuja kuomba msamaha," alisema Bi. Rosalind. "Tulikuwa wasichana tu. Niliogopa."

"Najua uliogopa. Niliiona mikono yako, Rosa. Kuogopa nilikusamehe kabla hatujapanda ndege."

"Ahsante, mpenzi wangu."

"Usinishukuru, sijamaliza. Viatu sijavisamehe. Nenda kaseme klabuni ulichoniambia nifanye."

Bi. Rosalind aliyapanga maua ambayo yalikuwa yameshapangwa. "Kwa umri huu, Effie? Watanionaje?"

"Kama walivyoniona mimi."

Aliaga, akaondoka. Wiki ile ikapita, na iliyofuata, na klabuni hakuna aliyesikia neno. Kila Dod alipoingia wodini dada yake aliuliza kwa macho tu, na Dod akatikisa kichwa. Mwishowe hakuuliza. Alifariki alfajiri ya Alhamisi, tarehe 6 Novemba 2025, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Mhairi. Tungependa kuandika kwamba alikufa bila kinyongo. Alikufa nacho, na alikuwa na haki nacho.

Ameacha watoto wawili, Sandy na Mhairi, wajukuu watatu, mdogo wake Dod na wifi yake Aileen, na majirani wa Mtaa wa Wavuvi ambao hawakumuuliza lile swali, wanaojijua.

Kama ilivyo kawaida yetu, jeneza litashushwa kwa kamba nane, na kila mwenye kamba amepewa kadi yenye namba yake. Namba hizo Effie alizipanga mwenyewe kitandani. Namba moja ni Sandy. Namba mbili, upande wa miguu, ni Bi. Rosalind Guthrie, na kadi yake tulimpelekea nyumbani, akaipokea kwa mkono wake. Marehemu aliacha sharti moja tu. Kabla ya kuishika kamba hiyo aseme mbele ya kaburi, kwa sauti ya kusikika na watu wote, "Mimi ndiye niliyemwambia apige." Hotuba haihitajiki. Akisema, familia nzima itamsogezea nafasi, na Dod ameahidi kumpa mkono, ahadi ambayo haikuwa rahisi. Akinyamaza, kamba itabaki juu ya majani. Tumemuuliza msimamizi wa mazishi, naye amesema saba zinatosha, maana marehemu alikuwa mwembamba.

Lala salama, dada Effie. Amani uliyonyimwa na mji huu uipate kwa Mungu. Sisi tumesimama hapa tunamngoja mwenye zamu.