Mikidadi bin Omary na Nukta ya Kisongo

Mikidadi bin Omary anaacha kazi tarehe 31 Machi 1914, baada ya miaka kumi na mitatu katika ghala letu la mimea iliyokaushwa, hapa Arusha kando ya mto Themi. Tangu nilipoacha kufundisha nimekaa naye meza moja, na muda wote huo nimemwonea wivu. Analijua hilo, wala hajawahi kunihurumia.

Alipanda kutoka Pangani na msafara, akiwa hajawahi kuonja baridi. Safari yake ya kwanza katika msitu wa Meru alivaa kanzu mbili na blanketi juu yake, meno yakigongana. Ndevu za mti alizookota siku hiyo alizikandamiza chini ya mawe kama jani, zikawa unga. Hakuona haya. Aliwatangazia wapagazi kuwa ni ugoro wa pwani, na wawili wakaunusa.

Kwa msomaji asiyeijua kazi yetu: ndevu za mti ni aina ya kuvumwani, yaani kuvu na mwani vilivyoishi pamoja hata vikawa kitu kimoja. Zinaning'inia matawini penye ukungu, za kijivu. Hazikandamizwi. Hukaushwa kivulini, hutiwa katika bahasha, na juu yake huandikwa mahali, mti na jina la aliyeziona kwanza. Kila mahali papya hutiwa nukta nyekundu kwenye ramani ya ukutani, ili ijulikane zinaishi wapi.

Mimi nilizaliwa Meru. Mlima ule nimechungia mbuzi wa baba. Lakini nukta za mashariki, kuanzia misitu iliyo juu ya Maji ya Chai, karibu zote ni zake. "Mwalimu Eliamini," hunitania, "mlima wa kwenu, nukta za kwetu!" Nikabaki na tumaini moja: magharibi, upande mkavu, ambako ramani ilikuwa nyeupe. Nilihangaika huko misimu mingi nisipate hata uzi mmoja.

Mwaka jana Mikidadi akaenda Kisongo kutafuta mbuzi wa sikukuu, akarudi na mbuzi na bahasha. Ndevu alizitoa kwenye nguzo ya zizi! Akatia nukta yake akiimba, chai yangu ikapoa mbele yangu.

Nikamtaka anipeleke. Mwenye boma, mama mmoja aitwaye Namnyaki, alicheka alipoona tunachokagua. "Nguzo hizo marehemu mume wangu alizikokota na punda kutoka msitu wa upande wa pili. Wazee wazima, mmetembea kutwa kwa ajili ya uchafu wa mti?"

Sikuificha furaha yangu. Ndevu zililetwa na punda. Hapo si kwao. Nukta ifutwe.

Mikidadi alizunguka zizi taratibu, akasimama kwenye mgunga ulio hai, akaniita. Juu ya gome palikuwa na ndevu changa, fupi kama kope.

"Vuta wewe, mwalimu. Nikivuta mimi utasema nimefanya uchawi."

Hapa inafaa nieleze. Ndevu zilizopeperushwa na upepo zikanasa tu hutoka ukizigusa. Zilizoota papo hapo hulishika gome kwa kitako chake. Nikavuta. Zilikataa. Nikavuta tena, zikatoka na kipande cha gome.

Basi nukta ya Kisongo imebaki. Mkono ulioling'oa gome lile ni wangu, jina lililo juu ya bahasha ni lake, na aliyeliandika ni mimi, kwa mwandiko mzuri kuliko wake.

Sasa anahamia huko huko Kisongo na mkewe Siwema, jirani na Namnyaki, ili hata upande mkavu uwe ua wake. Asante, Mikidadi, kwa kabati ulilolijaza na kwa vicheko vyote, hata vile vya kunicheka. Maisha yako huko yawe mema, na afya isikupungukie. Masika yakiisha nitapita kukusalimu, nikielekea kaskazini ya mlima. Huko ramani bado ni nyeupe, na njia nitakayopita sitakuambia.