Leopold Zupan, Sauti ya Asubuhi ya Mlima Tarrabin

Leopold Zupan, ambaye hapa Bulgarra, chini ya Mlima Tarrabin, tulimwita Poldi, alizaliwa Cooma, Australia, tarehe 14 Mei 1951, mtoto wa kwanza wa Franc na Marija Zupan. Wazazi wake walitoka Slovenia. Baba yake alikuja kuchimba mahandaki ya mabwawa ya umeme, akasema atakaa miaka miwili tu, na kaburi lake liko hapa nyuma yetu. Mdogo wake Poldi, Viktor, alizaliwa mwaka 1954. Mama yao aliwafumia sweta za kufanana, na kwa muda mrefu watu walimwita mmoja kwa jina la mwenzake, nao wakaitika bila kusahihisha.

Alisoma kwa masista huko Cooma. Siku moja alimwambia Sista wa jiografia kwamba ramani ya mvua aliyoichora ubaoni haikuwa sahihi. Sista akamsimamisha nje. Mvua ikamkuta huko huko nje, na Sista akalazimika kumrudisha darasani akiwa amelowa chapachapa. Poldi alikaa akitabasamu hadi kengele ya mwisho. Aliacha shule akiwa na miaka kumi na tano, akamsaidia baba yake kwenye karakana, kisha mwaka 1968 akaajiriwa kwenye lifti ya viti inayowapandisha watelezaji wa theluji Mlima Tarrabin.

Kazi yake ilikuwa kuwashika wageni viwiko wanapokaa na kuwaokota wanapoanguka. Kutoka pale chini ya lifti aliwaona wote: familia zilizoendesha gari usiku kucha kutoka Sydney, watoto waliofungwa mifuko ya mkate juu ya soksi ili wasilowe miguu, mabwana harusi waliovunjika miguu siku ya kwanza ya fungate. Aliwaona pia wale waliofika, wakatazama mlima mtupu, wakarudi kukaa ndani ya gari. Hao ndio waliomuuma. Alikuwa akisema kwamba mgeni haji kwa sababu ya theluji; anakuja kwa sababu kuna mtu aliyemwambia theluji ipo.

Pale pale chini ya lifti ndipo alipomwona Lorraine Heffernan, muuguzi kutoka Queanbeyan, aliyekuja na wenzake kwa siku moja na kuanguka kila alipojaribu kukaa kwenye kiti.

"Dada, leo si siku yako," Poldi alimwambia. "Nenda kanywe chai."

"Kumbe kazi yako ni kufukuza wateja?"

"Nasema ninachokiona."

"Basi njoo uninunulie hiyo chai, maana miguu yangu haifiki huko."

Walifunga ndoa tarehe 9 Oktoba 1976 katika kanisa Katoliki la Cooma, theluji ikiwa imekwisha, kwa sababu hapa kwetu hakuna anayeoa majira ya baridi, msimu wa wageni. Viktor ndiye aliyemsimamia. Walijaliwa watoto wawili, Kerryn na Damian.

Mwaka 1979 kampuni ya mlima ilifungua namba ya simu ya hali ya theluji, na Poldi akapewa kazi ya kurekodi ujumbe. Kila alfajiri alipanda hadi kituo cha juu, akachomeka kijiti cha kupimia kina cha theluji, akashuka, akazungumza kwenye mashine ya kurekodi. Kuanzia Canberra hadi Wollongong, watu walipiga kumsikiliza kabla hawajapakia gari. Wengi wenu mliokuja leo kutoka mbali mliijua sauti yake kabla ya kumwona. "Habari za asubuhi. Leo theluji ni ngumu kama sinki la jikoni. Upande wa mashariki mawe yametoa vichwa. Wenye watoto wadogo, laleni tena. Wenye magoti mazuri, njooni, lakini msiseme sikuwaambia."

Kulikuwa na mjane wa Broken Hill, mji wa mbali jangwani, Bibi Ettie Balcombe, aliyepiga kila asubuhi ya baridi kwa miaka mingi bila kumiliki hata glavu. Alipenda tu kusikiliza. Mwaka 1994 alishuka kwenye basi hapa Bulgarra akiwa na mwavuli, siku ambayo Poldi alikuwa ametangaza mvua kutwa.

"Wewe ndiye mtu wa simu? Nilidhani ni mrefu zaidi."

"Bibi, si nilisema leo kutanyesha?"

"Ulisema. Ndiyo maana nimekuja. Nilitaka kuhakikisha."

Poldi alimpandisha juu kwenye kiti cha lifti chini ya ule mwavuli, wakalowa wote wawili, na Bibi Ettie akarudi kwao ameridhika kabisa.

Mwaka 2006 haukuwa na kichekesho. Mvua ilinyesha mwezi Julai wote, likizo za shule zikiwa zimefika. Viktor wakati huo alikuwa na duka la kukodisha skii, yaani vibao vya kutelezea, na mabuti, lililobeba maisha yake yote. Jioni moja meneja wa kampuni aliita mkutano hotelini, akamwomba Poldi aseme kwamba hali ni "mchanganyiko." Kila aliyekuwa mle ndani alimwomba hivyo hivyo, na wengi wao wamekaa hapa leo.

"Kaka, sema theluji ipo juu," Viktor alisema. "Si uongo. Ipo."

"Ipo nyuma ya choo cha kituo cha juu, Viktor. Nimeiona. Inatosha kupoza bia moja."

Watu walicheka, lakini Viktor hakucheka. "Wewe mshahara wako unaingia, inyeshe isinyeshe. Mimi nakula mgeni akija."

"Najua, mdogo wangu. Lakini kuna mama huko Parramatta ameomba likizo tangu mwaka jana ili wanawe waone theluji. Nimwambie aje atazame tope?"

"Akifika atanunua mkate wangu," mwoka mikate alidakia. "Tope halijawahi kumzuia mtu kula."

"Poldi, ni wiki mbili tu," Viktor alisema. "Niombee wiki mbili kwa watu wako."

Poldi alichukua kofia yake akarudi nyumbani. Alfajiri alipanda, akapima, akashuka, akarekodi: "Habari za asubuhi. Tarrabin kunanyesha, na mteremko wa watoto umekuwa nyasi. Msije wiki hii. Nawaomba radhi, nawaomba radhi na majirani zangu."

Wageni hawakuja. Mwezi Septemba Viktor alifunga duka. Siku aliyopanda kuteremsha kibao cha duka chenye jina la Zupan, Poldi alitoka nyumbani akaenda kumshikia ngazi. Viktor alishuka na kibao kwapani, akapita pembeni yake, akaingia ndani na kufunga mlango. Tangu siku hiyo hawakusemezana. Nyumba zao zilitenganishwa na ua mmoja tu wa mbao. Wake zao waliendelea kupeana mayai juu ya ua huo, lakini Krismasi kila nyumba ilikula peke yake.

Kabla ya msimu uliofuata kampuni ilimwondoa Poldi kwenye simu. Badala yake aliwekwa msichana wa Sydney ambaye kwake kila siku ilikuwa siku nzuri ya mlimani. Poldi alirudi kwenye lifti hadi alipostaafu mwaka 2016. Wageni wa zamani waliitafuta namba ya nyumbani, na simu ikawa inalia jikoni kabla ya chai. Hatukuwahi kumsikia akijutia aliyoyasema. Ila Jumapili jioni alikuwa akimuuliza Lorraine kama taa ya jikoni kwa Viktor imewaka, na akiambiwa imewaka, ndipo alipokaa kula.

Mapema mwaka 2022 koo lilianza kumkwaruza. Ilikuwa saratani. Mwezi Aprili alifanyiwa upasuaji Canberra, wakaondoa kisanduku cha sauti, na tangu hapo hakuweza kusema. Baridi ilipofika simu bado iliita. Poldi aliinyanyua, akamsikiliza mgeni akimsalimu na kumuuliza, kisha akamkabidhi Lorraine akaenda kusimama dirishani. Ugonjwa ulirudi mwaka huu, na mwezi Agosti alilazwa tena. Lorraine alikwenda kwenye ua, akamwambia Viktor: "Shemeji, kama kuna jambo unalingoja, usilingoje tena."

Viktor alifika hospitali Jumatatu, tarehe 21. Alisimama mlangoni na buti zenye tope. Alisema, "Kaka." Poldi alimtazama tu. Hatimaye Viktor akaanza kumweleza kitu pekee kilichomjia.

"Nimepanda asubuhi. Kunanyesha. Kituo cha kati ni nyasi tupu, na lifti wameifunga. Kuna familia moja pale chini, watoto wamevaa suti mpya. Wamekaa garini."

Poldi alifumba macho. Kisha akanyanyua mkono, akamwashiria aendelee. Viktor akavuta kiti, akamwelezea mlima wote, mteremko mmoja baada ya mwingine, mpaka muuguzi alipokuja kusema muda umekwisha. Kuhusu duka hakusema chochote, na Poldi hakuwa na namna ya kuuliza.

Leopold Zupan alifariki Jumatano, tarehe 23 Agosti 2023, asubuhi, Lorraine akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka sabini na miwili.

Ameacha mke, Lorraine, watoto, Kerryn na Damian, mkwe, Priya, wajukuu, Jarrah na Tess, na shemeji, Glenys, mke wa Viktor. Ameacha pia mdogo wake, Viktor, ambaye ameomba lisomwe jambo moja mbele ya watu wa Bulgarra, kwa kuwa hospitalini lilimshinda: kwamba asubuhi ile ya mwaka 2006 mlima haukuwa na theluji, kaka yake alisema kweli, na yeye alilijua hilo tangu siku ile.

Poldi, pumzika. Wageni wakiuliza, tutawajibu sisi.